Kiti Kilivyotoka Mlangoni

Wembe alibandika tangazo katikati ya kioo cha duka lake la kunyoa, pale ambapo mteja aliyekamatwa kidevu hana pa kupeleka macho. Jumamosi, saa nane mchana, ukumbi wa ustawi wa jamii, walioacha dawa za kulevya watasoma maisha yao mbele ya watu. Nyote mnakaribishwa. Hayo yalipigwa chapa. Chini yake Wembe aliongeza kwa mkono wake, kwa herufi kubwa zenye shari: NA MDOGO WANGU ATAELEZA ALIVYOIBA KITI CHA BABA.

"Njooni na wake zenu," alimwambia kila aliyekaa kunyolewa. "Miaka sita nasema mimi, wengine wananiona nina roho mbaya. Sasa atasema mwenyewe, tena kwenye kipaza sauti."

Kinyozi akishajua jambo, mtaa hauhitaji redio. Aliyeingia na nywele alitoka na habari, na ilipofika Jumanne hata wenye vipara walikuwa wanapita dukani kuulizia. Mmoja akasema, "Teja naye anajua kusoma?" Mwingine akasema atakuja, ila viatu vyake atavikalia. Duka zima likacheka, na Wembe akacheka kuliko wote, mashine ikimtetemeka mkononi hadi mteja akapoteza kipande cha sharubu.

Huyo mdogo wake wa kike ndiye Njiti. Jina la kuzaliwa analo, ila hata mama yake hulitumia kukiwa na msiba tu. Hili la Njiti alipewa enzi zile unga umemla mwili mpaka ukimtazama kwa ubavu humwoni. Sasa ana miaka minne hajagusa, amepata mashavu na hata kitambi kidogo cha heshima, anashona makochi kwa fundi mmoja karibu na reli. Lakini mtaa ukishakupa jina haulichukui tena.

Na hicho kiti, hakuna asiyekijua. Kilikuwa cha chuma, mguu mmoja mnene kama kisiki, ngozi nyekundu, na pampu ya mafuta ya kukipandisha na kukishusha. Baba yao alirithishwa na kinyozi aliyemfundisha kazi, akanyolea juu yake miaka thelathini. Nusu ya wanaume wa mtaa ule walililia nywele zao za kwanza wakiwa wameketi kwenye ubao uliolazwa juu ya mikono ya kiti kile.

Miaka sita iliyopita mzee alipooza upande mmoja, akalala nyumbani, duka akashika Wembe. Njiti wakati huo alikuwa anaonekana na kupotea kama umeme wa mgawo. Siku moja kiti kikawa hakipo. Njiti akaletwa nyumbani hajijui hajitambui, Wembe akamuuliza kwa mkanda, "Umekipeleka wapi?" Siku ya kwanza alisema hajui. Siku ya pili akasema labda. Siku ya tatu akapelekwa kitandani kwa mzee, akapiga magoti, akasema, nimekiuza, baba, nisamehe. Mzee akajigeuza kwa ule upande wake mzima akatazama ukuta. Wiki tano baadaye akafa, na katika wiki hizo tano hakumtazama tena binti yake.

Wapo wanaoacha unga kwa ajili ya dini, wapo wanaoacha kwa jela. Njiti aliacha kwa ajili ya mgongo wa baba yake. Hamu ilipomjia usiku aliutazama ule mgongo kichwani mwake, mfupa kwa mfupa, mpaka kukakucha. Kwa hiyo Jumamosi hiyo hakutaka makofi. Alitaka kusimama mbele ya wote waliokijua kile kiti, akiri neno kwa neno, amalizane na ule ukuta.

Tatizo ni kwamba alikuwa hawezi kuuandika huo wizi.

*

Darasa la kuandika hayo maisha lilikuwa kwenye chumba cha kungojea cha zahanati, kila Jumatano wagonjwa wakishaondoka. Walikuwa sita, wanakaa kwenye mabenchi ya mbao chini ya picha ya mtoto anayechanjwa. Mwalimu wao alikuwa mwalimu kweli, wa shule ya msingi, aliyefukuzwa kazi kwa pombe, akaiacha, akaja kuwafundisha hawa wenzake akiwa na miwani iliyofungwa uzi na kalamu nyekundu. Hakuwa na huruma hata ya kuazima. Na alikuwa na swali moja, analiuliza kila mtu, kila sentensi, mpaka watu walikuwa wanaliota: "Mikono yako ilikuwa wapi?"

Ukiandika "niliteseka sana", anakata. Ukiandika "giza lilitanda moyoni mwangu", anakata mara mbili na kukutazama kama umejamba. "Mikono! Ilikuwa imeshika nini? Kama huijui mikono yako, hukuwepo. Na kama hukuwepo, usinipotezee wino."

Kwa pasi ya jirani, Njiti alifaulu. Aliandika kwamba aliinyakua dirishani kwa mwenye duka la vocha ikiwa bado na moto, akaificha ndani ya blauzi, akatembea nayo mpaka sokoni huku akitabasamu kwa watu na tumbo linaungua. Alama ilikuwepo bado, ya pembe tatu, juu ya kitovu. Mwalimu alisoma, akaandika pembeni: Ndiyo.

Lakini kiti! Mara kumi na moja alikiandika, mara kumi na moja kikarudi chekundu.

"'Nilikibeba kiti cha baba nikakiuza,'" Mwalimu alisoma siku hiyo, akivuta maneno kama mtu anayevua nywele kwenye mchuzi. "Ulikibebaje?"

"Mgongoni, Mwalimu."

"Mgongo upi?"

Wenzake wakaanza kuguna. Njiti akasema, "Huu huu."

"Inua hilo benchi."

"Mwalimu..."

"Inua, nimesema!"

Njiti akainamia benchi, akakaza, akapasua pumzi. Benchi likanyanyuka upande mmoja, likamponyoka, likaanguka kwa kishindo hadi nesi akachungulia kutoka dirisha la dawa. Aliyekuwa dereva wa lori, ambaye naye alikuwa na kurasa zake chungu, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Na wakati ule ulikuwa kilo ngapi?" Mwalimu akauliza. Akamgeukia nesi. "Faili lake lipo hapo?"

"Siku alipokuja mara ya kwanza, mwaka ule ule wa kiti?" Nesi akapekua. "Thelathini na saba. Na nguo, na viatu."

"Kilo thelathini na saba." Mwalimu akavua miwani. "Mimi nimenyolewa kwenye kile kiti nilipokuwa natoka chunusi za kichwani. Kile ni chuma cha meli. Wewe ungekibeba, tungekuzika chini yake. Nani alikusaidia?"

"Sikumbuki."

"Ulimuuzia nani?"

"Sikumbuki, Mwalimu, lakini ni mimi. Kila mtu anajua ni mimi."

"Kila mtu si mikono yako." Akakunja karatasi, akamrushia mapajani. "Hili sikupandishii jukwaani. Pasi umeiiba, naiona. Simu ya wifi yako umeiiba, naiona. Lakini huu wizi, binti, huu umeuokota mahali. Nenda kaulize ulikotoka. Ukirudi Jumamosi bila mikono, utasoma pasi, ushuke."

*

Alhamisi asubuhi Njiti alimkuta mama yake uani, anaanua mashuka. Njiti mwenyewe alilala kwenye chumba cha uani hapo hapo. Nyumba ilikuwa ya Wembe sasa, na Wembe alihakikisha hilo halisahauliki.

"Mama, naomba kukuuliza. Kile kiti nilikitoaje dukani?"

Mama hakugeuka. "Maiti haulizwi sanda. Na mwizi aliyekiri haulizwi tena. Ulisema mwenyewe kwa mdomo wako."

"Nilisema baada ya mkanda."

"Ulisema."

"Nataka kujua nilipitia mlango gani, mama, basi. Wa nyuma au wa mbele?"

"Wewe mtoto una wazimu? Wa nyuma si baba yako aliuziba tofali mwaka ule wa mafuriko. Pana mlango mmoja tu pale, wa mbele, na geti lake la..."

Lile geti la chuma lilikuwa na kufuli moja, kubwa kama ngumi. Na ufunguo wa kufuli hilo, tangu siku mzee alipolala, ulining'inia kwenye kamba shingoni mwa Wembe. Alioga nao. Alilala nao. Mke wake alikuwa akilalamika kwa mashoga kwamba unamchoma kifuani.

"Geti lilivunjwa, mama?"

Mama alilikunja shuka alilokuwa nalo, akalikunjua, akalikunja tena. "Una miaka minne unakula, unalala, hakuna anayekugusa," alisema. "Kidonda kimekauka unakwenda kukikuna cha nini? Jumamosi sema ulivyozoea kusema, watu wapige makofi, turudi nyumbani. Usiniletee balaa kwenye nyumba ya kaka yako."

"Lilivunjwa?"

"Ondoka mbele yangu, Njiti."

*

Mtu akitaka kujua kitu kizito kinavyotembea, haendi kwa wazee wa hekima. Anakwenda kwa wasukuma mikokoteni. Ijumaa, wakati wa mapumziko ya mchana, Njiti alivuka reli kwenda kituo chao, chini ya paa la bati la ghala lililofungwa. Walikuwa wamelala juu ya mikokoteni yao, miguu juu, wakitukanana kwa upendo.

"Nataka kuuliza bei ya maswali," Njiti akasema, maana alijua ukija mikono mitupu kwa watu wa mizigo hupati hata salamu. Akatoa pakiti mbili za biskuti.

Walipotulia kutafuna, akawauliza: kiti cha kinyozi, cha zamani, cha chuma na pampu, kinabebwaje? Watu wangapi?

Vijana wakaanza kubishana, mmoja anasema wawili, mwingine anasema hata yeye peke yake na mkono mmoja. Mzee mmoja aliyekuwa amelala kwa tumbo akainua kichwa.

"Wanne," akasema. "Na ubao wa kutelezesha. Na bado kitakuvunja kiuno. Niulize mimi."

"Ulishakibeba, mzee?"

"Kimoja tu maishani mwangu, na kinanitosha. Unaniona nimelala kwa tumbo? Nalala hivi tangu siku hiyo. Ng'ambo kule, duka la kinyozi lenye kibaraza cha ngazi mbili. Kina mguu kama wa tembo."

Njiti akaketi chini.

"Kijana mwenye duka ndiye alituita," mzee akaendelea, kwa raha ya mtu ambaye maumivu yake hayajawahi kuulizwa. "Saa saba mchana, jua linaweza kukaanga mtu. Kavaa ufunguo shingoni kama mtoto wa shule. Anatuambia tukifunike turubai. Turubai, jua lile! Nikamuuliza, kijana, kiti kinaumwa? Akasema kinaogopa vumbi." Vijana wakacheka. "Tulikipeleka mji wa juu, kwa mtu anayepamba hoteli. Kijana kafurahi, anatusimulia njia nzima: ataleta viti vya kisasa, vitatu, vyepesi, vya kuzunguka; baba yake mkaidi hataki, lakini baba yuko kitandani."

"Palikuwa na mwanamke?" Njiti akauliza. "Mwembamba. Alikuwa anawaonyesha, au anasaidia?"

"Kusaidia?" Mzee akatema kipande cha biskuti. "Yule alitucheleweshea kazi. Palikuwa na teja amelala mlangoni, kajikunja pale pale kizingitini, gauni la njano, kiatu kimoja. Huwezi kupita. Nikamwambia kijana, muamshe. Akasema, huyo haamki, mvuteni tu. Tukamshika mmoja miguu, mmoja kwapa, tukamweka pembeni. Mwepesi! Nimebeba magunia ya manyoya ya kuku yaliyomzidi. Alikuwa kalalia mikono yake hivi, chini ya shavu, kama mtoto. Tulipomweka chini akairudisha vile vile." Mzee akaonyesha, viganja viwili chini ya shavu lake lenye ndevu nyeupe. "Kisha tukapitisha kiti. Mbona unalia, binti? Unamjua?"

Gauni la njano Njiti alilikumbuka. Kiatu kile cha pili alikitafuta wiki nzima.

*

Hasira ni jirani wa unga, mlango kwa mlango. Njiti aliporudi kwenye karakana, fundi alikuwa anapaka gundi kwenye sponji la kochi la watu watatu, na harufu yake ikamwingia puani kama mwaliko. Miaka minne ule mgongo wa baba ndio ulimzuia. Sasa mgongo wenyewe si wake. Aliazimwa kwa uongo. Atashika nini?

"Bosi," akasema, "leo nishonee nje."

Fundi akamtazama, akaona, akamsukumia cherehani barazani kwa mguu bila maneno. "Ukitaka kufa usife na kitambaa cha mteja," akasema, kisha akajirudia gundini.

Hakumaliza mto mmoja. Wembe alimkuta pale barazani, aproni ya kunyolea bado kifuani, nywele za watu mabegani. Njiti alikuwa ameuliza watu sita hadharani juu ya kiti, na habari zilimtangulia kufika.

"Unapita pita kwa wachukuzi kuuliza nini?"

"Namna ya kubeba kiti, kaka. Mwalimu anataka."

"Na umeambiwaje?"

"Watu wanne. Ubao. Turubai."

Wembe alitazama barabarani kulia, akatazama kushoto. Akashusha sauti. "Sikiliza, wewe mtoto. Kesho utasema ulichosema siku zote. Ukibadilisha neno moja, chumba cha uani nakitaka wazi kabla jua halijazama. Na mama utamwona kwenye picha."

"Baba alikufa amenipa mgongo."

"Baba alikuwa anakufa na kile chuma chake! Wateja wanahama, watoto wa siku hizi hawataki kukaa kwenye kitu kama cha kung'olea meno. Nilimwambia, nilimbembeleza, anasema mpaka nizikwe. Ningefanyaje?" Kisha, kwa kuwa hakukanushwa, akaona kama amekubaliwa, akasogea karibu, kama mtu mpole. "Wewe ulishaiba vingapi, Njiti? Pasi, simu, sufuria, mashuka ya mama. Kimoja zaidi kilikuzidishia nini?"

Njiti alichomoa sindano kwenye kitambaa, akaichomeka kwenye mkono wa blauzi yake ili isipotee. Mazoea ya kazi.

"Kilinipunguzia baba," akasema.

"Nani atakuamini?" Wembe akajikung'uta nywele za watu zikamwangukia Njiti mapajani. "Niambie mmoja tu."

*

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wembe alileta wateja wake, safu mbili za mbele, vichwa vyote vimenyolewa upya vinang'aa kama mabakuli. Mama alikaa pembeni yake na mkoba mapajani. Mwenye duka la vocha alikuja na mashoga zake wanne, maana alisikia na yeye yumo. Dereva wa lori alisoma kwanza, akapigiwa miluzi. Mwingine alisahau mistari akazomewa mpaka akashuka. Watu hawakuja kuponya mtu.

Njiti aliposhika kipaza sauti, mtu akapiga kelele, "Shikeni mifuko!" Kicheko kikaenda na kurudi.

Alianza na pasi. Alisoma dirisha, moto, blauzi, tabasamu. Alipofika kwenye tumbo linaloungua, mwenye duka la vocha alikwishasimama.

"Kumbe ni wewe! Nilimfukuza msichana wangu wa kazi kwa ajili ya ile pasi!"

"Ni mimi, mama."

"Mshenzi mkubwa! Yule msichana alilia mpaka..." Akakosa neno. "Shetani wewe!"

"Ni mimi," Njiti akarudia, na akangoja, kama walivyofundishwa, mpaka mama yule aketi mwenyewe. Akasoma simu. Akasoma sufuria. Akasoma mashuka ya mama yake, aliyoyavuta kwenye kamba yakiwa mabichi na kuyavaa ndani ya gauni, maji yakimchuruzika miguuni barabara nzima. Kila kimoja kilikuwa na mikono yake, na watu kila mara walizidi kuchukia na kuzidi kunyamaza.

"Kiti!" Wembe akaita kutoka safu ya mbele. "Tunangoja kiti!"

"Kiti," Njiti akasema, na akaiweka karatasi chini.

"Kiti cha baba yangu kilitoka dukani saa saba mchana. Geti halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo. Kilibebwa na watu wanne, kwa ubao, kikafunikwa turubai, na mmoja wao hadi leo analala kwa tumbo. Mwalimu wangu ameniuliza mara kumi na moja mikono yangu ilikuwa wapi. Nimeipata. Nilikuwa nimelala kizingitini, na gauni la njano, na kiatu kimoja, nimewazibia njia. Walinihamisha, wakakipitisha. Mikono yangu ilikuwa chini ya shavu langu."

Hapo ukumbi ulilipuka, lakini si kwa upande wake. Safu za mbele ziliinuka. "Mwongo!" "Teja hana haya!" "Umeitwa kukiri unakuja kusingizia watu!" Mtu akarusha chupa tupu ya maji, ikapita pembeni ya sikio lake. Mwalimu, aliyesimama ukutani, hakusogea. Alikuwa ameikamata kalamu yake kwa mikono miwili.

"Sijamtaja mtu," Njiti akasema kwenye kipaza sauti.

Wembe alikuwa amepanda juu ya kiti cha plastiki, mishipa imemtoka shingoni kando ya ile kamba. "Unajua nini wewe? Utajua nini? Tulikuvuta miguu hukuamka!"

Kelele zilichukua muda kufa, kwa sababu wa nyuma hawakusikia na ikabidi waambiwe na wa mbele. Unaweza kuliona neno linavyokwenda, safu kwa safu, vichwa vikigeuka. Wale wenye vichwa vinavyong'aa walianza kutazama viatu vyao. Mmoja akajipapasa kisogo, kana kwamba kunyolewa kule kumemshirikisha.

Wembe akabaki juu ya kiti cha plastiki. Kisha akateremka, taratibu, kama mzee.

Mama ndiye aliyesimama. Hakumtazama Wembe. Akafungua mkoba, akafunga, akamwita binti yake. Kwa jina la kuzaliwa. Mara moja, bila kitu kingine mbele wala nyuma, na waliomzoea wakajua kwamba sasa, baada ya miaka sita, mzee amekufa. Kisha akapita katikati ya watu akatoka nje, peke yake, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

"Mistari miwili imebaki," Mwalimu akasema toka ukutani. "Malizia, ushuke."

Njiti akaiokota karatasi. Mistari miwili yenyewe ilikuwa ya kumwomba baba msamaha kwa kiti. Akaitazama. Akaikunja.

"Baba," akasema, "geuka."

Akashuka. Hakuna aliyepiga makofi.

*

Jua halijazama, godoro la Njiti lilikuwa nje ya geti, na sanduku, na ndoo yenye viatu. Wembe alitimiza ahadi. Watu wa namna yake huwa wanatimiza zile mbaya. Majirani walitoka vibarazani kutazama, mikono vifuani. Wapo waliosema amejitakia. Wapo waliosema ya ndani yangebaki ndani. Hakuna aliyemkaribisha kwake. Dirisha la mama lilikuwa wazi, na mama nyuma yake, anaonekana bega tu. Hakutoka, wala hakulifunga.

Hamu ilikuja, kama alivyojua itakuja. Aliutafuta ule mgongo wa kujishikilia, akakuta haupo. Palikuwa na ndoo ya viatu tu. Akavipanga viatu ndani ya ndoo, jozi kwa jozi, kisha akavipanga upya.

Alikuwa anavipanga mara ya tatu mwenye duka la vocha alipotokea kwenye kona, anasukuma mkokoteni wa kuazima, jasho linamtoka, anatukana gurudumu.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Pasi yangu sijaisahau, na sitaisahau. Kesho asubuhi tunakwenda wote kwa yule msichana wangu wa kazi, utamwambia mwenyewe, tena kwa magoti. Leo utalala stoo, juu ya makatoni, na mlango nafunga kwa nje."

"Sawa, mama."

"Sawa nini? Nimekuuliza? Makochi yenyewe unashona kama mtu anayekimbizwa." Akainama, akashika pembe moja ya godoro, akamtolea macho. "Haya, mikono yako iko wapi? Shika upande huo!"

Njiti akashika.